Kuachwa Nje Si Kulindwa: Historia ya Chanjo na Vijana Wenye Lupus

Ukiwa kijana Kenya na una lupus, kuna sentensi utaisikia mapema: "Wewe usidungwe, kinga yako iko na shida." Utaisikia kwa shangazi, kwa mwalimu, kwa jirani, na wakati mwingine kwa mhudumu ambaye hataki lawama. Mara nyingi inasemwa kwa upendo. Lakini manze, hiyo sentensi ina historia ya zaidi ya miaka mia moja, na ukiifuata unagundua kwamba hofu haikutoka hewani. Pia unagundua kwamba dunia iliishia kuwaacha hawa vijana nje, halafu ikaita hiyo ulinzi.

Tuelewane kwanza. Kinga ya mwili ni kama soja wa geti: kazi yake ni kuzuia wezi. Kwa magonjwa kama lupus, baridi yabisi ya watoto au kisukari aina ya kwanza, soja anageuka na kupiga wenye nyumba. Chanjo ni kumwonyesha soja picha ya mwizi kabla mwizi hajafika. Kwa hivyo swali lina akili: kama soja wangu tayari amechanganyikiwa, picha nyingine si itamwasha zaidi?

Jibu linaanzia Ufaransa. Mwaka 1885 Louis Pasteur alianza kuchanja watu dhidi ya kichaa cha mbwa. Chanjo ilitoka kwa uti wa mgongo wa sungura walioambukizwa, ukakaushwa. Iliokoa watu wengi ambao wangekufa kifo kibaya sana. Lakini baadaye ikaonekana kwamba wachache waliochanjwa walipooza. Kwa miaka mingi watu wakabishana: ni virusi, ama ni nini? Miaka ya 1930, Thomas Rivers na wenzake huko New York wakadunga nyani ubongo wa sungura wazima, bila virusi vyovyote, tena na tena. Baadhi ya nyani wakaugua. Tatizo lilikuwa nyama ya ubongo iliyochanganyika kwenye sindano: soja alifundishwa kuichukia, akarudi nyumbani na kushambulia ubongo wa mwenyewe.

Kwa hivyo yule anayesema chanjo haijawahi kuchokoza kinga ikajishambulia, anakosea. Iliwahi. Lakini ona kilichofuata: watu walitafuta sababu, wakaipata, wakabadilisha sindano. Chanjo za kisasa za kichaa cha mbwa hukuzwa kwenye seli za maabara, si kwenye ubongo wa mnyama.

Sura ya pili inahusu dawa, na hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo. Mwaka 1948 daktari Philip Hench wa Marekani alimpa mgonjwa wa baridi yabisi dawa mpya, kotisoni. Mgonjwa aliyekuwa hajiwezi akaanza kutembea. Mwaka 1950 Hench na wenzake wakapata Tuzo ya Nobel. Ilionekana kama muujiza, lakini ulikuwa na bei yake. Steroidi hizi hutuliza ugonjwa kwa kumlaza yule soja, na soja akilala, hata mwizi mdogo anaingia. Miaka ya 1950 madaktari wakaanza kuripoti watoto waliokuwa kwa dawa hizi wakifa kwa tetekuwanga, ugonjwa ambao watoto wengi wengine waliupata wakapona.

Hapo ndipo ilitoka kanuni ambayo inasimama mpaka leo, na naomba uishike. Kuna chanjo zenye vijidudu hai vilivyodhoofishwa: surua na rubella, homa ya manjano, BCG, matone ya polio. Kwa mtu ambaye kinga yake imelazwa na dawa kali, hizi zinaweza kuleta shida yenyewe, kwa hivyo kwa kawaida huzuiwa au hupangwa kwa uangalifu sana. Halafu kuna chanjo zisizo na kitu hai ndani: HPV, homa ya ini aina ya B, pepopunda, sindano ya mafua. Hizi haziwezi kukuambukiza, hata kinga yako ikiwa chini vipi. Na kama una kisukari aina ya kwanza na hutumii dawa za kulaza kinga, ratiba yako kwa jumla ni kama ya watu wengine.

Kwa maneno mengine, ile sentensi ya shangazi ilichukua onyo la chanjo za aina moja, kwa watu walio kwa dawa fulani, ikalipaka kila sindano na kila mgonjwa.

Sasa twende kwa matukio matatu yaliyotia watu baridi. Mwaka 1976 Marekani iliogopa homa ya nguruwe, ikachanja zaidi ya watu milioni 40 kwa wiki chache. Ugonjwa wa Guillain-Barré, ambapo kinga hushambulia neva, uliongezeka kwa takriban mtu mmoja kwa kila waliochanjwa 100,000. Desemba wakasimamisha kampeni. Janga lenyewe halikuja. Hatari ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa ya kweli.

La pili linahusu vijana kabisa. Ufaransa ilianza mwaka 1994 kuchanja wanafunzi shuleni dhidi ya homa ya ini aina ya B. Habari zikaenea kwamba chanjo inaleta sklerosisi, ugonjwa ambapo kinga hula gamba la neva. Oktoba 1998 waziri wa afya, Bernard Kouchner, akasimamisha kampeni ya shuleni. Mwaka 2001 utafiti mkubwa miongoni mwa wauguzi wa Marekani haukupata uhusiano wowote. Utafiti mwingine wa Ulaya uliangalia zaidi ya wagonjwa 600 ambao tayari walikuwa na sklerosisi. Chanjo haikuwaongezea mashambulizi. Lakini hofu ilikuwa imeshaketi sebuleni na kuagiza chai. Virusi vya homa ya ini, ambavyo huharibu ini na kuleta saratani, havikusimamisha kampeni yao.

La tatu ni la 2010. Finland na Sweden ziliona vijana waliopata chanjo ya mafua iitwayo Pandemrix wakianza kulala ghafla mchana, ugonjwa wa nakolepsia, ambao wataalamu wanadhani kinga ndiyo inauleta. Finland walihesabu takriban mmoja kwa kila watoto na vijana 16,000 waliochanjwa. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikawekea mipaka matumizi yake kwa walio chini ya miaka 20.

Hofu moja ilikuwa kweli kidogo, moja haikupata ushahidi, moja ilikuwa kweli na ikachukuliwa hatua. Huwezi kuzitofautisha kwa kusikiliza nani anapiga kelele zaidi. Kilichozitofautisha ni watu kuhesabiwa, waliochanjwa na wasiochanjwa.

Na hapo ndipo vijana wenye lupus waliumia. Kwa miaka mingi majaribio ya chanjo yaliwaondoa watu wenye kinga dhaifu, eti kuwalinda. Matokeo? Chanjo inatoka, kila mtu ana jibu lake, isipokuwa wewe. Daktari wako anabaki kukisia, na mtu akikisia husema "tungoje." Wakati huo ugonjwa haungoji, na wanawake wenye lupus huelemewa na virusi vya HPV kuliko wenzao.

Mambo yalibadilika watafiti walipoamua kuwahesabu. Hong Kong walichanja dhidi ya HPV wanawake 50 wenye lupus na 50 wasio nayo. Lupus haikuamka zaidi kwa sababu ya chanjo. Uholanzi walienda mbali zaidi: watoto 137 wenye baridi yabisi, miaka 4 hadi 9, wengine wakapewa dozi ya nyongeza ya surua, matumbwitumbwi na rubella, chanjo hai kabisa, chini ya uangalizi. Matokeo yakatoka 2013: ugonjwa haukuwa mbaya zaidi kwa waliochanjwa.

Tukuje nyumbani. Utafiti uliosaidia kubadilisha dozi za HPV duniani ulifanyika hapa: wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, Thika, Nairobi na Kisumu. Mwaka 2022 ukaonyesha dozi moja inakinga kwa zaidi ya asilimia 97. Tujivunie, ni kazi ya ground yetu. WHO ikakubali dozi moja, na nchi zikaanza kuhama, Kenya ikiwemo. Lakini soma mstari wa chini: kwa wenye kinga iliyodhoofika, WHO inasema angalau dozi mbili, na tatu ikiwezekana. Msichana mwenye lupus anayekunywa dawa za kulaza kinga, akipewa moja na kuambiwa "umemaliza," ameachwa nje tena, safari hii kwa tabasamu.

Kwa hivyo ukiwa na ugonjwa huu, usiulize tu "nidungwe ama nisidungwe?" Uliza: chanjo hii ina kitu hai ndani? Dawa ninazotumia sasa zinalaza kinga kiasi gani? Nahitaji dozi ngapi, na wakati gani? Wakati una maana kweli. Uingereza walipata kwamba kusimamisha metotreksati wiki mbili baada ya dozi ya nyongeza ya Covid kuliongeza kingamwili takriban maradufu, ingawa kwa baadhi ugonjwa uliamka kidogo. Usijaribu hiyo kivyako; ni ya kupanga na daktari.

Na sisi wengine tusio na lupus? Kuna chanjo hai ambazo rafiki yako hawezi kupata akiwa kwa dawa kali. Kinga yake ya surua basi ni wewe uliyekaa naye kwa matatu. Dunga yako.