Liuli saa za jioni: bandari iliyopigwa mizinga siku tisa baada ya vita kutangazwa

Msafiri anayetoka Litembo, kwenye milima ya Wamatengo yenye mashamba ya ngolo na mibuni, huacha baridi nyuma na kuteremkia joto la Ziwa Nyasa. Wengi huishia Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Wanaosonga mbele kuelekea kaskazini, kandokando ya ziwa, hufika Liuli.

Bagamoyo, mji mkuu wa kwanza wa utawala wa Kijerumani katika nchi yetu, una waongoza watalii wanaoweza kumtembeza mgeni jioni nzima, kuanzia Boma la Wajerumani hadi Kaole. Liuli haikuwahi kuwa mji mkuu, lakini historia yake inatosha kabisa kujaza jioni ya namna hiyo. Haijapata tu wa kuisimulia inavyostahili.

Matembezi yaanze saa kumi na nusu, jua likishapungua makali, kwenye Jiwe la Pomonda. Wajerumani walipoyatazama mawe ya hapa waliona umbo la sanamu kubwa za Misri zenye mwili wa simba, wakaipa bandari jina la Sphinxhafen. Wenyeji wana kumbukumbu nyingine. Wazee husimulia kwamba nyakati za vita watu walijificha kwenye pango la jiwe hilo. Mgeni ayasikie masimulizi yote mawili, na ya wazee yatangulie.

Kutoka hapo macho yahamie kwenye ghuba. Hapa ndipo Wajerumani walipoiweka meli yao, Hermann von Wissmann. Aliyepewa heshima ya jina hilo ndiye kamanda aliyeongoza vita dhidi ya Abushiri huko pwani mwaka 1889, vita vilivyoishia kwa Abushiri kunyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huohuo. Kwa hiyo historia ya Bagamoyo na Pangani ilifika hadi ufukwe huu. Meli yenyewe ililetwa kutoka Ujerumani vipande vipande mwanzoni mwa miaka ya 1890, kwa njia ya mito Zambezi na Shire. Palipokuwa na maporomoko, mabega ya Waafrika ndiyo yaliyobeba chuma hicho.

Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani tarehe 4 Agosti 1914. Habari zilifika upande wa Nyasaland, Malawi ya leo, kabla ya kufika Liuli. Tarehe 13 Agosti, Nahodha Rhoades alitokea ghubani na meli ya Kiingereza, Gwendolen, akaanza kufyatua mzinga. Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, haiwezi kukimbia wala kujibu. Nahodha wake, Berndt, hakuwa na taarifa yoyote ya vita. Yeye na Rhoades walikuwa marafiki wa miaka mingi. Aliruka ndani ya mashua ndogo akapiga makasia kuelekea Gwendolen kwa hasira, amuulize mwenzake amepatwa na nini. Alipopanda melini alielezwa kwamba nchi zao zinapigana, na kuanzia saa hiyo yeye ni mateka.

Tukio hilo hutajwa mara nyingi kama pambano la kwanza la majini katika Vita Kuu ya Kwanza, na magazeti ya London yalilishangilia kama ushindi mkubwa. Mwezi Mei 1915 Waingereza walirudi Liuli wakaiharibu Wissmann zaidi. Ziwa lote likabaki mikononi mwao, wakasafirisha askari na mizigo bila kuzuiwa.

Huko Ulaya kisa cha manahodha wawili marafiki kimesimuliwa kwa kicheko kwa zaidi ya miaka 100. Kwa watu wa pande zote mbili za ziwa, vita hivyo vilikuwa na maana nyingine. Wanaume walichukuliwa kwa maelfu kuwa wapagazi. Chakula kilitwaliwa maghalani. Katika Afrika Mashariki nzima wapagazi waliokufa kwa njaa, kuhara na uchovu walikuwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawana hata kaburi linalojulikana. Anayesimulia Liuli bila kuwataja amesimulia nusu ya habari.

Jua linapokaribia milima ya Malawi, njia iende kwenye misheni ya Anglikana. Padri William Percival Johnson wa misheni hiyo, iliyojulikana kama UMCA, alifika Ziwa Nyasa mwaka 1882, akaishi kandokando yake hadi alipofariki hapa Liuli mwaka 1928. Macho yake yaliharibika angali kijana, lakini aliendelea kutembelea vijiji kwa miguu, kwa mitumbwi na kwa meli ya misheni, Charles Janson. Aliitafsiri Biblia kwa Kinyanja. Kaburi lake bado linatembelewa na waumini. Mbegu ya misheni hiyo inaonekana hadi leo kwenye Hospitali ya Mtakatifu Anna, inayotibu watu wa mwambao huu.

Matembezi yaishie ufukweni, kwenye vichanja vya usipa. Wakati huo akina mama wanakusanya dagaa waliokauka, wakichambua kwa vidole vyepesi na kutupa vijiti na mchanga, huku wavuvi wakiandaa taa zao za kuvulia usiku. Hapo mgeni anunue samaki, ale, aache fedha kijijini.

Kinachohitajika hakina gharama kubwa: vibao vichache vyenye maelezo sahihi, vijana wa Liuli waliofunzwa kuongoza wageni, na shule zitakazowatuma wanafunzi kurekodi simulizi za wazee wangali hai. Barabara ya lami imeshafika Mbamba Bay na wageni wanaongezeka. Wakifika Liuli, wapokewe na kijana wa hapahapa anayejua majina ya meli, mwaka wa vita na habari za wapagazi, naye alipwe kwa kazi hiyo.