Mutura, Sumu na Kipandauso

Ukishuka stendi ya Nyeri jioni, moshi wa mutura ndio unakukaribisha. Na usishangae, historia ya Botox inaanzia kwa jamaa zake mutura. Si huu wetu, unaoliwa moto moto hapohapo kwenye jiko. Ni soseji za damu za Württemberg, Ujerumani: zilijazwa kwenye tumbo la nguruwe, zikakaushwa kwa moshi, zikakaa. Ndani, pasipo hewa, bakteria wakatengeneza sumu. Mlaji alianza kuona vitu viwiliviwili, kope zikaanguka, mwishowe pumzi ikakata.

Daktari mmoja wa huko, Justinus Kerner, mshairi pia, alichapisha kesi 155 mwaka 1822. Sumu yenyewe aliionja (wewe usijaribu). Kisha akaandika jambo lililofanana na wazimu: kwa kipimo kidogo, sumu hii ingeweza kutuliza neva zilizochachamaa. Jina botulinum limetoka kwenye neno la Kilatini la soseji.

Kenya nayo inaijua. Mwaka 1980 jarida la madaktari wa Uingereza liliripoti Wakenya waliopatwa na sumu hiyo baada ya kula kumbikumbi.

Wazo la Kerner lilisubiri miaka 150 hivi, hadi Alan Scott wa San Francisco alipoanza kuitumia kutibu makengeza. Makunyanzi yakafuata. Miaka ya 1990 daktari wa California, William Binder, akasikia wateja wake wa makunyanzi wakisema hata kichwa kimetulia. Mwaka 2010 Uingereza na Marekani zikaiidhinisha kwa kipandauso sugu, yaani kichwa kuuma siku 15 au zaidi kwa mwezi: sindano 31, kutoka paji la uso hadi mabegani, kila wiki 12. Jumla yuniti 155, sawa na kesi za Kerner. Sadfa tu, lakini imenikaa. Haiponyi kabisa, inapunguza siku za maumivu.

Tata yangu, muuza viazi Karatina, humeza vidonge vya dukani karibu kila siku, na vidonge hivyo vikizidi, vyenyewe huleta maumivu ya kichwa. Nilipomweleza kuhusu sindano, aliuliza, "Ati ile ya matajiri, ya kutoa makunyanzi?" Madaktari wa neva wengi wako Nairobi. Akajumlisha nauli, siku ya soko iliyopotea na bei ya dawa, mara nne kwa mwaka, akihesabu kwa magunia. Halafu akakaza leso kichwani, akamgeukia mteja.