Lile Jiwe la Mihrabu Liliwahi Kuwa Hai

Watu wakifika Kilwa Kisiwani hupiga picha mbili tatu kwenye magofu, wakazitupia mtandaoni, kisha wanasepa. Wachache sana husogeza jicho karibu na ukuta. Wangesogea, wangegundua kwamba mawe yale si ya aina moja.

Ya ukutani ni magumu, yana matundu makubwa makubwa. Hayo yalichimbwa nchi kavu, kwenye mwamba uliokuwa matumbawe ya bahari maelfu ya miaka iliyopita. Ila kwenye mihrabu na fremu za milango kuna jiwe jingine, laini kwa macho, limechongwa nakshi safi utadhani mbao. Hilo ni tumbawe lililotolewa baharini likiwa hai, jamii ya Porites.

Kulitambua si kazi. Vitundu vyake ni vidogo mno, havifiki hata milimita 2, vimebanana kama vimetobolewa kwa sindano. Tumbawe linalofanana na ubongo lina mifereji iliyojipindapinda, hili halina. Likiwa baharini huonekana kama jiwe kubwa la mviringo, la kahawia au kijani cha njano.

Mafundi wa zamani, ambao majina yao yamepotea, walilijua bila darubini. Walilichonga likiwa bado bichi, maana hapo patasi inaingia bila shida. Likikauka, linakaza kwelikweli. Ndiyo maana maandishi ya Kikufi kwenye msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yenye mwaka 500 Hijria, yaani 1107, yapo mpaka leo.

Sasa ubaya uko hapa. Porites hukua kama sentimita 1 tu kwa mwaka. Pande la urefu wa nusu mita lilianza kukua miaka kama 50 kabla ya fundi kuligusa. Mafundi wale walichagua pande la mihrabu. Waliokuja baadaye wakavunja matumbawe hai kwa mafungu, wakayachoma kupata chokaa ya kujengea.

Mwaka 1998 joto la bahari likaua matumbawe mengi Afrika Mashariki. Mapande ya Porites yakawa miongoni mwa yaliyostahimili zaidi. Samaki wa pwani wanajificha hapo, na mvuvi anakula kupitia hapo. Anayelivunja leo ili apate debe la chokaa anabomoa kitu ambacho hata mjukuu wake hatakiona kikirudi.