Tarehe ya Darasa la 1997: Watoto wa Muhumba Waliosoma Alfajiri

Hii ni habari ya darasa letu, mafinalisti wa Collège Alfajiri wa mwaka 1997, na hasa sisi tuliotoka mtaa wa Muhumba. Ninaiandika kwa sababu kuna neno limezunguka Bukavu miaka mingi bila kujibiwa: kwamba diploma zetu ni "diploma za vita", kwamba tulihurumiwa tu. Neno hilo si la kweli. Wengi wanaolisema walikuwa bado mgongoni kwa mama zao wakati sisi tunaandika dissertation, na wengine walikuwa Kinshasa, hawajui hata mlio wa bunduki ulifika mtaa gani.

Tuanze na shule. Mapadri Wayezuiti waliifungua mwaka 1938, mji ukiitwa bado Costermansville, kwa jina la yule Paul Costermans aliyekuwa makamu wa gavana mkuu enzi za Leopold. Nayo shule iliitwa Notre-Dame de la Victoire. Ilijengwa kwa ajili ya watoto wa Wazungu. Mwafrika alikuwa na mahali pake Kadutu, baadaye na Bagira, na kama alilala Muhumba, alilala katika boyeri nyuma ya nyumba ya bwana wake. Wazee wetu wa Muhumba, ambao baba zao walikuwa wapishi na watunza bustani kwenye nyumba zile, walituambia kwamba wao ndio waliobeba mikoba ya watoto wa Kizungu mpaka langoni pa shule, kisha wakageuka kurudi kufua. Mzee mmoja alikuwa akinionyesha bega lenyewe. "Mwanangu, mkoba ulikaa hapa. Wewe umeingia mule na mkoba wako mwenyewe, basi usiuchezee."

Hapa lazima nisimame kidogo, maana kuna ugomvi ambao hauishi kila wahitimu wanapokutana. Upande mmoja unasema umri wa shule uhesabiwe tangu 1938. Upande wa pili unasema hapana, miaka ile ilikuwa ya watoto wa wakoloni, kwa hiyo tarehe yetu ianze siku kijana wa kwanza Mwafrika alipokaa kwenye benchi. Nimewaona watu wazima, wenye wajukuu, wakiinuka vitini na kuacha brosheti zikipoa kwa ajili ya jambo hili. Mimi nasimama na 1938, na sababu yangu ni hii: tukiifuta miaka ile, tutakuwa tumewasaidia waliotufungia mlango kusahau kwamba waliufunga. Iandikwe 1938, na pembeni iandikwe nani hakuruhusiwa kuingia. Hao wa upande wa pili nawaheshimu, lakini wanakosea. Na wale wa Athénée wanaopenda kuita shule yao mama wa shule zote za komini ya Ibanda, wajibiwe kwa mwaka huo huo.

Jina la Alfajiri lilikuja na siasa ya authenticité, wakati nchi ilipogeuka Zaire mwaka 1971, na mwaka uliofuata watu wakavuliwa majina ya ubatizo. Kisha Leta, yaani serikali, ikazichukua shule za dini, na mwaka 1977 ikazirudisha mikononi mwa makanisa kwa mkataba. Ndiyo maana mpaka leo tunasema shule "konvensheni".

Kabla yetu walipita wengi. Wa 1964 waliona waasi wa Simba wakiushambulia mji mwezi wa nane, na kanali Mulamba akiwarudisha nyuma. Uwanja wa Mulamba una jina lake. Wa 1967 waliona mamluki wa Jean Schramme wakiukalia mji tangu mwezi wa nane hadi mwanzo wa mwezi wa kumi na moja, kisha wakavuka kwenda Rwanda na kutuachia magofu. Ndio mwaka ambao Mtihani wa Leta ulianzishwa katika nchi nzima. Hao ni kaka zetu na tunawaamkia.

Sasa darasa letu. Tuliingia mwaka wa kwanza wa sekondari 1991, tukiwa watoto wa shati jeupe na suruali ya buluu, bendera ya kijani ikipandishwa asubuhi na sisi tukiimba La Zaïroise. Serikali ilikuwa tayari imechoka. Walimu hawakulipwa, wakagoma, na kanisa likawaomba wazazi wachange prime ili mwalimu ale na mtoto asome. Waliosema ni ya muda mfupi tu, wajue kwamba wazazi wa Bukavu waliibeba sekondari mgongoni tangu hapo. Tena waliibeba kwa pesa iliyokuwa ikiyeyuka mikononi. Mwishoni mwa 1992 ilitoka noti ya zaire milioni 5, na watu wengi waliikataa. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa zile za zamani milioni 3. Mama yangu alikuwa akifunga prime ndani ya kitenge, vibunda vizito vya noti, na kabla sijaondoka ananiambia, "Papa, kimbia, usisimame njiani, isije ikapoteza thamani kabla ya kufika kwa prefe." "Papa" ndivyo mama anavyomwita mwanawe kwetu akimpenda, na ndivyo nilivyokimbia, mwendo wote.

Usiku tulisoma Muhumba. Anayeijua rasi yetu anajua: maji huku na huku, vilima vya Rwanda mbele yako, na umeme wa Ruzizi unaokuja na kwenda upendavyo, ingawa mto wenyewe unatoka ziwani hapa hapa mlangoni petu. Ukikatika, tulikusanyika kwenye parseli moja yenye petromaksi. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanafuata kwa kidole kwenye daftari zao. Ziwani tunawasikia wavuvi wa sambaza wakienda na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja, taa zikining'inia, wakiimba ili kasia zipige kwa pamoja. Kijana wa opsheni ya Latin-Philo aliyekuwa nasi alijifunza vitenzi vyake kwa mwendo wa kasia zile, na mpaka leo akitaja kitenzi cha Kilatini bega lake linacheza.

Julai 1994 ndipo wakimbizi wa Rwanda walipovuka Ruzizi. Mamia ya maelfu waliingia Kivu Kusini, na Bukavu ikajaa mpaka vibarazani. Alfajiri yenyewe ikawa kambi. Pale tulipozoea mpira tukakuta mahema, masufuria na moshi, na miti ya mji ikawa kuni. Tuliwaogopa baadhi yao, kwa kuwa tulijua waliokuja na silaha walikuwa ni akina nani, na tuliwahurumia wengi, kwa kuwa tuliona watoto wa umri wetu wakichota maji machafu. Wakati huo ndipo tulipomfahamu vizuri Monsinyori Munzihirwa.

Juu yake nitasema kwa kirefu, na asiyependa na asome mahali pengine. Christophe Munzihirwa alizaliwa Burhale mwaka 1926, mtoto wa Bushi. Alikuwa padri wa jimbo kwanza, kisha akaingia kwa Wayezuiti, akawa mkuu wao wa Afrika ya Kati, akawa askofu wa Kasongo, na mwaka 1995 akawa askofu mkuu wa Bukavu. Kwa hiyo ni wa ukoo wetu, ukoo wa mapadri walioianzisha shule, na hakuna shule nyingine mjini inayoweza kumdai kama sisi. Aliandika barua baada ya barua kuiambia dunia kwamba vita vinakuja Kivu, na kwamba mkimbizi asiye na kosa asiuawe kwa kosa la mwenye bunduki. Dunia ilimwacha aandike. Oktoba 1996 wakubwa wa jeshi walipoanza kukimbia, yeye alibaki, akipita mitaani na kuwaomba watu wakae majumbani, wasaidiane. Tarehe 29 Oktoba alisimamishwa pale Nyawera, mjini, na kuuawa. Mwili wake ulilala pale mpaka siku ya pili, kisha akazikwa kwenye kanisa kuu, Notre-Dame de la Paix. Sisi tulikuwa mwaka wa sita, madarasa yameanza majuma machache tu. Kusema kwamba darasa lililompoteza mchungaji wake namna ile lilikuwa likisubiri huruma ni kutojua.

Maana huruma ingetoka wapi? Mji ulitekwa na waasi wa AFDL, shule zikasimama, zikafunguka tena, na sisi tukarudi kwenye benchi zile zile. Walimu walifupisha likizo, wakatufundisha Jumamosi, wakaturudishia yote yaliyopotea. Mei 17, 1997 Kinshasa ikaanguka, na nchi ikabadilika jina tukiwa katikati ya mitihani ya ndani. Tulioanza na La Zaïroise tukamaliza na Debout Congolais. Mtihani wa Leta ni wa nchi nzima, na walimu wetu hawakuwa na kalamu katika kuutunga. Kijana wa Muhumba, wa Kananga na wa Mbandaka walikutana na dissertation ya Kifaransa, kisha zile siku nne za item, ile ya maarifa ya jumla, ya sayansi, ya lugha na ya opsheni. Aliyepata alipata, na aliyeanguka alianguka. Wapo wenzetu walioanguka, tena wenye akili, na hao ndio ushahidi wangu mkubwa kwamba hapakugawiwa kitu.

Siku ya matokeo, redio ziliwashwa katika kila parseli. Jina likisomwa, poda inatoka. Poda ya watoto, kopo zima, inamiminwa kichwani na dada yako, inashuka kwenye nyusi, inaingia mdomoni, na wewe unakimbia barabarani mweupe mpaka viatu, na wapita njia wanajua bila kuuliza. Mmoja wetu alipita mbele ya kizuizi cha wanajeshi akiwa hivyo. Mwanajeshi, kijana kama yeye, akamtazama, akaomba kopo, akajipaka kidogo kwenye paji la uso. Hakuwa amemaliza shule. Alilirudisha kopo na kumwacha apite.

Mwaka uliofuata, Agosti 1998, vita vya pili vikatutawanya. Waliotaka kwenda vyuo vya Kinshasa walikatiwa njia. Wengi wakabaki Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu au ISP, wengine wakaenda Kampala, Nairobi na Ubelgiji. Tunao madaktari, mapadri, walimu, na wafanyabiashara wa soko la Kadutu ambao wanasomesha watoto wengi kuliko sisi wenye shahada.

Shule nyingine nazo zilitoa watu. Bwindi ilimtoa daktari Mukwege, aliyemaliza pale 1974 na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani 2018. Wima ilisomesha dada zetu. Fadhili na Cirezi zipo.

Waliokuja nyuma yetu: wa 2004 walijificha chini ya vitanda makamanda waasi Nkunda na Mutebutsi walipouteka mji mwanzoni mwa mwezi wa sita, mtihani ukiwa mlangoni. Wa 2008 walitikiswa na tetemeko la Jumapili, tarehe 3 Februari. Wa 2025 ndio waliofanana nasi zaidi. Waasi wa M23 waliingia Bukavu katikati ya Februari, benki zikafungwa, uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa, na mzazi mwenye pesa benki akawa sawa na asiye na kitu. Wenzetu walioko nje walituma prime kwa simu, kidogo kidogo, kwa mtoto wa huyu na mdogo wa yule. Jambo hilo linaendelea. Mwenye mtoto aliye mwaka wa mwisho na prime haijatimia, asione haya. Amwambie mtu wa 1997 anayemjua Muhumba, na amwambie mapema, kabla orodha ya waandikishwa wa mtihani haijafungwa.