Kukarabati Datsun 240Z bila kupoteza asili yake

DATSUN 240Z ni gari la michezo la Kijapani lililozinduliwa mwaka 1969, lenye injini ya silinda 6 ya lita 2.4 na kabureta mbili. Sifa yake Afrika Mashariki ilitokana na Safari Rally: Edgar Herrmann alishinda nalo mwaka 1971, naye Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, mwaka 1973. Tangu mwaka 2003, magari ya enzi hizo yamekuwa yakishindana katika East African Safari Classic Rally, ambayo imewahi kupita Arusha.

Arusha, chini ya Mlima Meru, iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10, hivyo kabureta iliyopimwa pwani humimina petroli kupita kiasi na injini hupoteza nguvu. Fundi hubadili sindano za kabureta. Gari likiteremka Tanga, za awali hurejeshwa, la sivyo petroli hupungua na injini hupata joto kali.

Kwa barabara za changarawe, springi huinuliwa, bamba la chuma hufungwa chini ya injini, na vichujio vya hewa huzuia vumbi la volkano.

Hata hivyo, kuweka injini nzito ya silinda 8 huelemeza pua na kubadili mwenendo wa gari kwenye kona. Kilichofungwa kwa boliti hufunguka. Bodi ikishakatwa, asili yake hairudi.