Shule zilizoanguka jioni: Long Beach, 1933

Leo tuache kompyuta kidogo, ingawa nitaanzia huko huko. Sisi waandishi wa programu tuna kanuni moja ambayo kila mgeni kazini huichukia mwanzoni: huidhinishi msimbo wako mwenyewe. Lazima mwenzako ausome kwanza. Juzi nilikuwa nasoma historia ya shule za California, Marekani, nikagundua kwamba watu wa mawe na saruji waliifikia kanuni hii kitambo kabla yetu. Tena waliifikia kwa uchungu.

Ijumaa tarehe 10 Machi 1933, saa kumi na moja na dakika 54 jioni, tetemeko la ukubwa wa 6.4 lilipiga mji wa Long Beach na vitongoji vya kusini mwa Los Angeles. Watu wapatao 120 walikufa. Lakini kilichowashtua wananchi zaidi ni shule. Majengo zaidi ya 230 ya shule yalianguka, au yaliharibika vibaya, au yalionekana si salama tena kuingiwa. Watoto walikuwa wamekwenda nyumbani saa chache tu kabla. Kila mzazi aliyesimama mbele ya ule lundo la matofali aliweza kupiga hesabu mwenyewe: je, ingekuwa saa nne asubuhi? Baadaye watoto wa Long Beach walisomea kwenye mahema.

Kwa nini shule? Sababu ya kwanza ni ujenzi wenyewe. Nyingi zilikuwa za kuta nzito za matofali zisizo na vyuma ndani, na chokaa iliyoshikanisha matofali ilikuwa dhaifu. Ukuta wa namna hiyo hubeba uzito wa paa bila shida miaka nenda rudi, mpaka siku utakaposukumwa kutoka ubavuni. Nje zilikuwa na madoido ya kupendeza, ndani hazikuwa na kitu cha kuzishika.

Sababu ya pili ilikuwa chini ya miguu. Sehemu kubwa ya eneo lile imekaa juu ya udongo laini ulioletwa na mito, na mwingi umejaa maji. Udongo wa aina hiyo hukuza mtikisiko kuliko mwamba, mithili ya bakuli la uji likitikiswa. Elimu ya udongo kama tawi la uhandisi ilikuwa bado changa: kitabu cha Karl Terzaghi kilichoiwekea msingi kilitoka mwaka 1925, miaka 8 tu kabla ya tetemeko.

Siku hizi kuna vipimo vya kawaida. Kimoja ni rahisi kukielewa: unachimba shimo jembamba, unashusha bomba, kisha unaligonga kwa nyundo ya kilo 63.5 inayoanguka kutoka sentimita 76. Bomba linazama sentimita 45, na unahesabu mapigo ya zile 30 za mwisho. Mapigo manne, ardhi ni laini. Hamsini, umegonga kitu kigumu. Hapo ndipo mhandisi anaamua aina ya msingi, si kwa kukisia.

Sasa tuje kwenye sheria. Tarehe 10 Aprili 1933, mwezi mmoja kamili baada ya tetemeko, California ilipitisha Sheria ya Field, iliyopewa jina la mbunge Charles Don Field. Ilihusu shule za umma, na ilidai mambo matatu. Ramani za jengo zichorwe na wataalamu waliosajiliwa na kupitishwa na ofisi ya jimbo kabla ya ujenzi kuanza. Kuwe na mkaguzi anayefuatilia kazi mfululizo pale kwenye mjengo, analipwa na wenye shule, si na kontrakta. Na wote, msanifu, mhandisi, mkaguzi na kontrakta, watie sahihi kwa kiapo kwamba kilichojengwa ndicho kilichochorwa. Ukidanganya, ni kosa la jinai.

Tazama hilo la pili. Zege likishamwagwa, huwezi kuona kama vyuma vilikuwa 8 au 4. Msingi ukishafukiwa, huwezi kujua ulifika ardhi ngumu au uliishia njiani. Mkaguzi anayekuja siku ya kukata utepe anakagua rangi tu.

Je, ilifanya kazi? Shule zilizojengwa chini ya sheria hii zimesimama vizuri katika matetemeko yaliyofuata, kuanzia lile la Imperial Valley mwaka 1940. Tuseme ukweli pia: bahati ya saa imesaidia. Lile la Northridge mwaka 1994 lilipiga alfajiri, siku ya mapumziko. Tena sheria haikugusa majengo ya zamani. Ilichukua hadi miaka ya 1970 kuyaondoa au kuyaimarisha yale ya kabla ya 1933. Na mwaka 2011 waandishi wa habari wa California Watch walifichua kwamba maelfu ya miradi ya shule haikuwa na cheti cha mwisho cha usalama. Sheria ilikuwepo, makaratasi yalikwama.

Kwetu hatuhitaji tetemeko. Asubuhi ya tarehe 23 Septemba 2019 jengo la madarasa liliporomoka katika shule moja ya Ngando, Nairobi, na wanafunzi wasiopungua saba walikufa. Huko Long Beach shule zilianguka jioni, zikiwa tupu. Yetu ilianguka watoto wakiwa ndani.

Sehemu nyingi za Nairobi zina ule udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi. Kwa hiyo safari ijayo mkiitwa kwenye mkutano wa wazazi kuchangia darasa jipya, kabla ya kuuliza bei ya mabati, ulizeni haya: nani alipima udongo? Nani atakuwepo siku msingi unamwagwa, na nani anamlipa? Na ni nani ataweka jina lake chini ya karatasi?

Kama shule ya mtaani kwenu ina majibu, niandikie hapo chini. Ningependa kuyasoma.