Jicho Pekee Halitoshi: Vigango vya Wamijikenda na Misingi ya Kuionja Sanaa

Mwaka 1790 mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant alitoa hoja kwamba hukumu safi ya uzuri haifungamani na haja ya mtazamaji wala na kazi ya kitu kinachotazamwa. Hoja hiyo imeacha alama katika majumba ya makumbusho ya sanaa hadi leo: ukuta mweupe, taa iliyoelekezwa barabara, kitu kimoja kilichosimamishwa peke yake, na maelezo mafupi yanayotaja kabila, mti na karne. Mgeni hualikwa aangalie, na kuangalia huchukuliwa kuwa ndiko kuonja. Makala haya yanaupinga msimamo huo kwa kutumia mfano wa vigango, nguzo za kumbukumbu za Wamijikenda wa pwani ya Kenya. Dai langu ni kwamba kujua kitu kilitengenezwa kwa ajili ya nani, kiliondokaje mikononi mwao, na nani ana mamlaka juu yake ni sehemu ya kukiona kwa usahihi. Anayeyaweka kando maswali hayo akidhani anailinda starehe yake, kwa kweli anaipunguza.

Kigango huchongwa kwa mti mgumu usioliwa upesi na mchwa, na huweza kuzidi kimo cha mtu. Kina kichwa cha mviringo au cha bapa, na kiwiliwili kirefu chembamba kilichojazwa pembetatu zilizochimbwa na kutiwa rangi. Husimikwa kwa heshima ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi miongoni mwa Wagiriama, mojawapo ya jamii za Wamijikenda, na baadhi ya jirani zao. Marehemu mwenyewe ndiye anayekidai: huwatokea jamaa zake ndotoni, au maradhi na mikosi huandama mji wake mpaka mganga abainishe kwamba mzee anataka kukumbukwa. Kikishasimikwa, huvishwa vitambaa, hutambikiwa kwa tembo la mnazi, na hushirikishwa mambo ya ukoo. Familia ikihama, kigango hubaki kwenye mahame, kikamalizwa polepole na jua na mvua. Kuking'oa ni kumvunjia marehemu makao yake. Kuoza kwake, basi, hakutokani na uzembe wa wenyewe. Ni hatua ya mwisho ya maisha yake, nayo imekubaliwa tangu siku ya kuchongwa.

Katika miaka ya 1970 na 1980 wafanyabiashara wa sanaa walivigeuza vigango kuwa bidhaa, na wakusanyaji wa Marekani wakavipenda kwa kuwa vilikaribiana na uchongaji wa kidhahania waliokwisha kuuzoea. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Muda mfupi baadaye vyote viwili viliibwa. Miaka ilipita kabla ya kimoja kutambuliwa katika mkusanyiko wa makumbusho jimboni Illinois, na kingine katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Vilirejeshwa mwaka 2006 na 2007, mzee mwenyewe akiwa ameshafariki. Utafiti ambao Udvardy na wenzake waliuchapisha mwaka 2003 ulihesabu vigango 294 katika makumbusho 19 ya Marekani. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver yalitangaza kurejesha vigango 30 ambavyo yalikuwa yamepewa kama zawadi mwaka 1990 na watu wa tasnia ya sinema wa Hollywood. Vilifika Kenya mwaka 2019. Habari hizi zina uzito wa kisheria na wa kimaadili, lakini zina uzito wa kiujumi pia. Kigango kinachosimama ukumbini kwa kawaida kimevuliwa vitambaa vyake, kimetolewa ardhini, na kimetenganishwa na vigango vya ndugu vilivyosimama pamoja nacho. Mhakiki anayeusifia utupu wa umbo lake na upweke wake anasifia hali ambazo mchongaji hakuzikusudia. Hali hizo zilitokana na safari ya mnada. Hukumu iliyojinadi kuwa safi imedanganyika juu ya kile inachokihukumu.

Pingamizi la kwanza ni kwamba umbo lina nguvu yake bila maelezo, na kwamba makumbusho yameviokoa vigango visiliwe na mchwa. Sehemu ya kwanza ya pingamizi hili ni kweli. Mpangilio wa zile pembetatu humvuta hata asiyejua lolote kuhusu Gohu, wala hakuna sababu ya kumwonea aibu anayevutwa. Lakini kuvutwa ni mwanzo wa kuona tu. Msikilizaji asiyejua Kiswahili anaweza kufurahia mahadhi ya utenzi, na furaha hiyo ni halali, ila hatuwezi kusema ameuonja utenzi sawasawa na anayefuata maana ya kila ubeti. Kuhusu mchwa, hoja ya wokovu hudhani kwamba kila kitu hutaka kudumu milele. Kigango hakikuhitaji kuokolewa na kifo ambacho wenyewe walikwisha kukiridhia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Vigango vingi viliuzwa na vijana wa Kimijikenda wenyewe, wakisukumwa na umaskini. Wengine katika jamii wameshika Uislamu au Ukristo na hawana haja tena na matambiko. Na baadhi ya vigango vilivyorejeshwa haviwezi kusimikwa upya kwa sababu mahame yalikotolewa hayajulikani. Je, kuvitoa kwenye ukumbi wa Denver na kuviweka katika ghala la Kenya kumemfaa nani? Nina majibu matatu kwa pingamizi hili. Kwanza, kijana aliyeuza aliuza kitu kisichokuwa chake, kwani kigango ni cha marehemu na ukoo wake. Pili, kubadili dini hakufuti ukoo. Mjukuu aliye Mwislamu au Mkristo bado ana haki ya kuulizwa kuhusu babu yake. Tatu, urejeshaji hauishii bandarini. Kigango kisichojulikana kilikotoka kinahitaji uamuzi, na uamuzi huo ni wa wazee wa kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, na jamaa kwa kushirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kikibaki ghalani bila wao kuulizwa, kosa ni lilelile, ila limehamia nyumbani.

Wapo watakaosema kwamba maswali haya yote yanamharibia mgeni starehe na kuigeuza ziara kuwa somo la lawama. Ushahidi wa pwani yenyewe unaonyesha kinyume. Kaya Kinondo, karibu na Diani katika Kaunti ya Kwale, ni mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Mgeni huingia akiongozwa na mwenyeji, amejifunga kaniki, na hatoki na chochote, hata jani. Masharti hayo humfundisha jinsi ya kuwa mahali pale, na msitu ambao angeupita kama vichaka hupata mpangilio na maana. Mwaka 2021 maonyesho yaliyofanyika katika Makumbusho ya Nairobi yaliweka makabati matupu kwa ajili ya vitu ambavyo haviko nchini, baada ya watafiti kuorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyomo katika taasisi za nje. Wageni hawakuwa na uzuri wa kutazama ndani ya makabati hayo, na bado walikuwa na mengi ya kuona.

Kutokana na hayo, kipimo cha makumbusho bora hakiwezi kuwa wingi wa vitu wala ubora wa taa. Maelezo ya kila kigango yanapaswa kutaja kilitoka mji gani, kiliondoka vipi, na nani aliulizwa kabla ya kuonyeshwa. Na pale ambapo jibu la wazee ni kwamba kisionyeshwe, ukumbi utamke hivyo waziwazi. Mgeni naye ana wajibu wa kuuliza, iwe Nairobi, Mombasa au Denver. Akiuliza hivyo, bado anashughulika na uzuri wa kigango, kwa sababu pembetatu zile zilichongwa kwa ajili ya mtu mwenye jina, na uzuri wake haujakamilika machoni pa asiyemjua.